Ulinzi dhidi ya mbio katika NFL: maana yake, na waamuzi wanaingia wapi

Kila Januari, mtoano wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, ukianza, mashabiki hubishania mambo mawili: timu yetu haijui kuzuia mbio, na waamuzi wametuonea. Hubishaniwa kila moja kivyake. Uwanjani hukutana mahali pamoja, mita mbili tatu kutoka kwenye mstari wa kuanzia mchezo.

Ulinzi dhidi ya mbio ni namna wachezaji 11 wanaolinda wanavyogawana mianya ili mkimbiaji mwenye mpira asipate njia. Timu inayoshambulia ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, yaani mita 9 na ushei. Ikipata yadi nne au tano kila inapokimbia, haina haja ya kurusha pasi za hatari, na saa inazidi kwenda.

Mianya hupewa herufi. Ukuta wa mbele wa washambuliaji una watu watano: senta anayetoa mpira, gadi wawili ubavuni mwake, na wawili wa nje. Kati ya senta na gadi ni mwanya A, kati ya gadi na wa nje ni B, nje ya huyo wa mwisho ni C. Pande zote mbili zikihesabiwa ni mianya sita. Akiongezwa taiti endi mmoja, mshambuliaji anayepangwa pembeni mwa ukuta huo, inakuwa saba. Kila mwanya unatakiwa uwe na mwenyewe, kwa hiyo idadi ya walinzi waliosogea karibu na mpira, eneo linaloitwa boksi, inapaswa ilingane nayo. Siku hizi timu nyingi huweka watu watano nyuma kwa kuhofia pasi, na boksi linabaki na sita. Hapo mwanya wa saba hauna mtu mpaka sefti, mlinzi wa nyuma kabisa, ashuke mbio, au mmoja wa walinzi wazito wa katikati alinde miwili kwa mpigo: anamkita mpinzani kifuani kwa mikono iliyonyooka, anasoma mkimbiaji anaelekea wapi, kisha anajinasua kwenda upande huo. Ni kazi ya mtu wa zaidi ya kilo 130, na wanaoiweza barabara si wengi. Kotabeki, yaani mrushaji wa pasi, naye akiwa mkimbiaji, kama Lamar Jackson au Josh Allen, hesabu inaharibika zaidi, kwani mkimbiaji wa kawaida anageuka kuwa mzibaji wa ziada, yaani wa kuwazuia walinzi wasimfikie mwenye mpira.

Mbio ndefu aghalabu hazianzi na mtu kushindwa kukaba. Zinaanza kabla ya hapo: mkimbiaji anaelekea kulia, lainibeka, mlinzi anayesimama nyuma ya wale wazito, anamfuata kupita kiasi na kuacha mwanya wake wa kushoto wazi, mkimbiaji anakata na kurudi humo. Au mlinzi wa pembeni anaingia ndani kwa tamaa ya kumwangusha kotabeki, badala ya kubaki nje, mkono wake wa nje ukiwa huru. Televisheni itamwonyesha sefti aliyechengwa yadi 15 mbele, na lawama zote atabeba yeye. Mianya ikivuja, pasi hazihitajiki: tarehe 19 Januari 2020 Raheem Mostert, mkimbiaji wa San Francisco 49ers, alipata yadi 220 kwa mbio 29 na kufunga mara nne dhidi ya Green Bay Packers. Kotabeki wake, Jimmy Garoppolo, alirusha pasi nane tu katika ushindi wa 37–20.

Takwimu ya yadi kwa mechi, ambayo mashabiki huipenda sana, hudanganya. Siku hiyohiyo Kansas City Chiefs walimbana Derrick Henry, mkimbiaji wa Tennessee Titans, kwa yadi 69 katika mbio 19, baada ya mechi mbili za mtoano alizopata 182 na 195. Walinzi wa Chiefs walicheza vizuri, ndiyo, lakini Titans walioongoza 17–7 walipinduliwa wakaishia 35–24, na timu iliyo nyuma hulazimika kurusha. Afadhali utazame wastani wa yadi kwa kila mbio, na ni mara ngapi wapinzani walifaulu walipohitaji yadi moja tu.

Sasa bendera ya njano, ambayo mwamuzi huirusha akiona kosa. Kosa linalozua kelele nyingi kwenye mbio ni kushika, ambalo adhabu yake ni yadi 10. Mzibaji anaruhusiwa kumsukuma mlinzi kwa mikono iliyo kifuani mwake, ndani ya mabega. Linakuwa kosa anapomng'ang'ania au kumkumbatia hadi kumzuia kweli kufuata mpira: bega linavutwa, jezi inatanuka, mlinzi anayetaka kugeuka anashindwa. Ndiyo maana picha iliyogandishwa haithibitishi kitu. Lazima uone mwendo. Mshiko ulio mbali na njia ya mpira waamuzi kwa kawaida huuacha upite. Mlinzi akipitisha mkono chini ya kwapa la mzibaji na kuuinua ili apenye, kunaswa kwa mkono huo si kosa maadamu miguu ya mlinzi haijang'olewa chini. Sehemu kubwa ya malalamiko ya “wametuibia” inaishia hapa.

Kushika hakurudiwi kwenye video. Mwaka 2019 NFL iliruhusu kumwingilia mpokeaji wa pasi kukaguliwe, baada ya waamuzi kulinyamazia kosa la wazi kwenye mechi ya Los Angeles Rams na New Orleans Saints Januari mwaka huo. Utaratibu huo haukumaliza zaidi ya msimu mmoja.

Kinachokaguliwa ni mahali mpira ulipofika, na hapo ndipo ulinzi na uamuzi hugusana hasa. Mpira huwekwa pale ulipofika mbele zaidi kabla mkimbiaji hajasukumwa nyuma. Kinachohesabiwa ni mpira wenyewe, si kichwa wala kiwiliwili. Kwenye fainali ya AFC, moja ya makundi mawili ya NFL, ya tarehe 26 Januari 2025, Buffalo Bills wakiongoza 22–21 katika robo ya nne, kotabeki wao Josh Allen alijipenyeza katikati kutafuta yadi moja kwenye jaribio la nne. Waamuzi wa pembeni waliona sehemu tofauti, ikaamuliwa hakufika, na video haikuonyesha mpira waziwazi ndani ya rundo lile la watu. Chiefs wakashinda 32–29. Msimu uliofuata kazi ya minyororo ya kupimia yadi 10 iliachiwa kamera za Hawk-Eye, lakini zinapima tu umbali kutoka pale mwamuzi alipouweka mpira, na kuuweka bado anauweka yeye kwa macho yake.