Taa ya kijani isikudanganye: hifadhi pacha zinapopokezana zamu

Shangazi yangu anajua kwamba kazi yangu ni "mambo ya poti", na kila tukikutana huniuliza gari la binamu yangu litatoka lini bandarini. Nimeshaacha kumsahihisha. Poti zangu ni yale matundu madogo nyuma ya mashine za kuhifadhi data, yanayochomekwa kebo za faiba na za mtandao. Leo nieleze kinachotokea hapo pale kontrola moja inapolala na pacha wake kushika zamu.

Hifadhi kubwa ya data huwa na kontrola mbili, yaani kompyuta zinazoziendesha diski zake; tuziite A na B. Zote zinazifikia diski zilezile, na kila mmoja anatunza nakala ya data ambayo mwenzake amepokea lakini hajaishusha kwenye diski. Kwa hiyo A akizimika, B hana anachokosa. Wauzaji huishia hapo, wakapigiwa makofi. Tatizo ni kwamba seva haijui habari za diski wala za pacha. Inachojua ni anwani, na anwani hiyo ilikuwa kwenye poti ya A.

Upande wa faiba, yaani mtandao maalumu wa kuunganisha seva na hifadhi, utatuzi huja kwa sura mbili. Ya kwanza, anwani haihami. Seva inapewa njia nne, tuseme: mbili za A na mbili za B, na kwa utaratibu uitwao ALUA kila njia inajitambulisha kama ni ya mkato au ya mzunguko. Njia za A zikikatika, seva yenyewe inahamia zile za B. NetApp wanafanya hivyo kwenye faiba. Sura ya pili, anwani inahama: poti ya B inavaa WWPN, yaani anwani ya faiba, ya poti mwenzake, na seva inaendelea kuongea ikidhani hakuna kilichobadilika. Kwenye HPE 3PAR jambo hili linaitwa Persistent Ports, na jozi zinafuata namba: mwenzake 0:1:1 ni 1:1:1. Lina masharti. Poti hizo mbili lazima ziwe kwenye mtandao mmoja wa faiba, na swichi (kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao) iwe imewashiwa NPIV ili poti moja iweze kubeba anwani zaidi ya moja. Fundi akichomeka kebo moja huku na nyingine kule, hutajua hadi siku ya msiba. Vilevile zoni, yaani orodha za nani anaruhusiwa kuongea na nani, ziandikwe kwa WWPN, maana zoni iliyoandikwa kwa namba ya poti ya swichi haitamfuata mhamaji.

Halafu kuna saa. Kebo ikichomolewa, swichi inatangaza mara moja na seva inaitupa ile njia upesi. Kwenye Linux, fast_io_fail_tmo, yaani muda wa kusubiri kabla ya kuitupa njia, kwa kawaida ni sekunde 5. Lakini kontrola iliyoganda huku taa inawaka haitangazwi na mtu. Hapo amri ya SCSI (lugha ambayo seva huongea na diski) itasubiri sekunde zake 30 kabla seva haijaanza kushuku. Ndiyo maana siridhiki na jaribio la kuchomoa kebo peke yake. Linajaribu kifo chepesi.

Sasa nije kwenye kile kilichonifunza adabu. Taasisi moja ilitaka programu ya hifadhi isasishwe usiku wa Jumamosi. Tulimlaza A, B akachukua zamu, na anwani za NFS (huduma ya kushiriki mafaili kupitia mtandao wa kawaida) zikahamia kwenye poti zake. Watumiaji hawakuhisi kitu. Chai ikaletwa. A alipowaka upya tukamrudishia zamu, na hapo ndipo simu zilipoanza kulia.

Wakati wa kwenda, poti za B zilikuwa wazi tangu zamani. Anwani ilipotua, B alipiga mbiu ya ARP, utaratibu wa kuoanisha anwani na poti yenyewe: anwani hii sasa iko kwangu, na hii ndiyo MAC (namba ya utambulisho wa poti) yangu. Swichi na seva zote zikasikia. Wakati wa kurudi mambo ni tofauti, kwa kuwa poti za A ndiyo kwanza zimeamka. Swichi ikiona poti imeamka, na haijaambiwa kwamba pale ni mwisho wa njia, inaiweka kwanza chini ya ulinzi wa spanning tree, unaozuia data kuzunguka mtandaoni bila mwisho: sekunde 15 za kusikiliza, 15 za kujifunza. Taa ni ya kijani, lakini hakuna data inayopita. Anwani zetu zilirudi nyumbani ndani ya hizo sekunde 30, A akapiga mbiu yake, na mbiu ikafia mlangoni.

Seva za mtandao uleule zilizinduka baada ya muda mfupi. Zilizo nyuma ya ruta (kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine) zilibaki zimeganda, kwa sababu ruta ilikuwa bado imeshika MAC ya B, na zipo ruta zinazoishika kumbukumbu hiyo kwa saa 4. Tulihangaika na hifadhi karibu saa nzima, ilhali hifadhi ilikuwa nzima. Kijana wa mtandao aliyekuwa kimya pembeni ndiye aliyesema, "Kaka, niifute ile ARP kwenye ruta?" Akaifuta, na kila kitu kikarudi.

Tangu hapo poti za swichi zinazoelekea kwenye hifadhi natangaza kuwa za mwisho wa njia kabla sijagusa kitu kingine, na anwani siziruhusu zirudi zenyewe. A akiamka, naweka kwenye poti yake anwani ya majaribio na kuipigia ping, yaani kuiita nione kama inaitika, kutoka upande wa pili wa ruta. Kwenye kila seva ya faiba naendesha multipath -ll, amri inayoorodhesha njia, na kuzihesabu kwa kidole. Niliwahi kukuta seva yenye kebo mbili nzuri, zote zimeingia kwa A. Baada ya hapo ndipo narudisha anwani za NFS moja moja, nikianza na ile ambayo mwenyewe yuko macho na simu yake inapatikana.