Mashine ya boti iliyolala: bolti kwanza, kamba baadaye

Mashine ilifika kwangu Mikindani imefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda, kichwa chini, mguu (ile sehemu ya chini yenye gia na propela) juu. Kabla sijaitikia salamu nilimwambia dereva aigeuze. Maji yaliyobaki kwenye mguu hushuka kwa njia ya moshi mpaka ndani ya silinda, na mashine iliyohitaji kusafishwa tu inakuja kuhitaji beringi na ringi.

"Marahaba. Ya nani hii?"

"Ya marehemu mjomba, fundi. Ina miaka mitatu imelala chini ya mkorosho. Jana nimevuta kamba mpaka bega limevimba."

Kijana ni wa Msangamkuu, ng'ambo ya bandari ya Mtwara. Mashine ni Yamaha nane, yaani ya nguvu za farasi 8, silinda mbili, tuu-stroki. Alitaka niibadilishe plagi, aondoke nayo jioni. Nikamwambia aiache wiki moja, na kamba asiivute tena.

Nilimweleza sababu, naiandika hapa kwa sababu kila msimu naulizwa jambo hilo hilo. Pistoni iliyokaa miaka mitatu bila kucheza inaweza kuwa imeshika kutu kwenye ringi, zile pete zinazoizunguka. Ukiivuta kwa nguvu, ringi inakwaruza ukuta wa silinda, na mkwaruzo hauna dawa ya nyumbani. Basi unatoa plagi zote mbili, unamimina ndani mchanganyiko wa dizeli na oili, vijiko viwili vitatu kila silinda, unaiacha usiku kucha. Asubuhi unashika flaiwili, lile gurudumu zito juu ya injini, kwa mikono miwili na kuibembeleza. Ikikubali, unaizungusha kufuata mshale wa saa tu. Kuirudisha kinyume kunapindua mbawa za mpira za pampu ya maji, na zikishazeeka hazirudi mahali pake, zinakatika.

Ya kijana ilikubali asubuhi ya pili. Niliziba tundu la plagi kwa kidole gumba na kuzungusha: silinda zote mbili zilisukuma kidole. Mwenye geji ya kompresheni, yaani ya kupima mgandamizo ndani ya silinda, apime. Namba yenyewe haina uzito sana kama tofauti kati ya silinda na mwenzake. Zikipishana zaidi ya sehemu moja ya kumi, kuna ringi iliyokwama au gasketi iliyoungua, na hapo hesabu za pesa zinabadilika.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Watu hudhani injini ndiyo ngumu. Injini ya tuu-stroki kama hii haina valvu za kichwani, haina kemshafti, haina hata sampu ya oili. Tangu Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyeishi Milwaukee, aanze kuuza zake mwaka 1909, umbo ni lile lile: injini juu, shafti ikishuka katikati, gia na propela chini. Mtoto wa darasa la saba mwenye akili ataielewa kwa siku moja. Kinachomtoa fundi jasho ni bolti.

Bolti za mashine ya boti ni chuma kisichoshika kutu, mwili wake ni alumini. Weka madini hayo mawili pamoja, katikati tia maji ya chumvi, umetengeneza betri ndogo. Alumini ndiyo inayoliwa. Inageuka unga mweupe, na unga huo unachukua nafasi kubwa kuliko alumini ulikotoka, kwa hiyo unaikaba bolti kwenye nyuzi zake kama simenti. Ukija na spana ndefu na kifua kipana, kichwa cha bolti kinabaki kwenye spana na mwili unabaki ndani. Nikiwa mwanafunzi wa kazi nilikata bolti tatu kwa siku moja kwenye mguu wa mashine ya mtu. Mwalimu wangu hakunigombeza, alinipa drili na kuniambia nizitoe zote. Ilinichukua siku nne.

Tangu hapo nina utaratibu. Jioni napiga brashi ya waya kila kichwa cha bolti na kudondoshea mafuta ya taa yaliyochanganywa nusu kwa nusu na oili ya gia otomatiki. Narudia asubuhi. Kisha nagonga kichwa kwa nyundo ndogo, kavu, moja kwa moja, mara kumi au kumi na tano. Mtikisiko unavunja ule unga na mafuta yanapenya. Ndipo naweka spana ya boksi, siyo ya mdomo wazi, na ninaanza kwa KUKAZA kidogo. Ikicheza hata unywele mmoja, nafungua robo, narudisha, nafungua nusu, narudisha. Hapa ndipo vijana wanaponishinda kwa haraka: bolti ikianza kutoka, wanafurahi, wanaivuta moja kwa moja, inakatika katikati ya njia.

Ikigoma kabisa, ni moto wa gesi. Tangi la mafuta liende mbali, kabureta na mpira wa mafuta viwe vimetolewa, pasiwe na harufu ya petroli hata kidogo. Unapasha alumini inayoizunguka bolti, siyo bolti. Alumini hutanuka kuliko chuma, tundu linafunguka kidogo na bolti inalegea. Huhitaji kuona wekundu. Alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, inakumwagikia tu miguuni. Tone la maji likichemka na kuruka juu yake, moto umetosha. Bolti iliyokwisha kukatika na kuacha kipande nje, peleka kwa mchomeleaji apachike nati juu ya kile kipande: joto la kuchomelea lenyewe hufanya nusu ya kazi.

Mguu wa mashine ya kijana ulishuka siku ya tatu. Usisahau kutenganisha kwanza fimbo ya gia; wengi wanavuta mguu bila kuitoa na wanaipinda. Ndani ya pampu, mbawa za impela, ile feni ya mpira inayosukuma maji, zilikuwa zimelala upande mmoja, ngumu kama soli ya ndala kuukuu. Impela ni spea ya mpira ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo inayoua mashine nyingi kuliko zote. Bila maji injini hunoki kwa dakika chache tu. Niliweka mpya, nikaipaka sabuni ya maji, nikaizungusha kufuata mshale wa saa wakati inaingia ili mbawa zilale upande unaotakiwa.

Njia za maji zilikuwa zimejaa chumvi na chokaa. Chumvi huyeyuka kwa maji baridi yenye subira. Ile chokaa inataka siki. Niliisukuma siki ya dukani kwa mpira kupitia bomba la maji, ikakaa saa kadhaa, nikasuuza sana. Nimeona watu wanatumia maji ya betri. Yanasafisha kweli, na alumini yanaisafisha pia mpaka inatoboka.

Mafuta nitayapitia upesi. Petroli ya miaka mitatu huacha gundi ya kahawia ndani ya kabureta, na tundu la jeti, linalopitisha petroli, ni jembamba kama sindano. Zibua kwa uzi mmoja wa shaba uliochomoa kwenye waya wa umeme, usitumie waya wa chuma, utalipanua. Moto wa plagi ulikuwa hakuna. Kabla ya kununua koili, chomoa waya wa swichi ya kuzimia kisha jaribu tena. Swichi hiyo inazima injini kwa kupeleka umeme kwenye bodi, na ikiliwa na chumvi inauzima umeme huo siku zote bila kubonyezwa. Nilipouchomoa, cheche za buluu zikaruka kwenye plagi zote mbili. Swichi mpya, kazi imekwisha. Na swichi lazima iwepo: boti bila kamba ya kuzimia, nahodha akidondoka, inazunguka kumrudia yeye mwenyewe na propela ikikata.

Oili ya gia ilitoka nyeupe kama maziwa, maana yake maji yameingia. Nyuma ya propela nikakuta mshipi wa nailoni umejizungusha shaftini, umeila sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie kwenye gia. Wavuvi wangu, toeni propela mara moja kwa mwezi mtazame. Oili mpya jaza kwa tundu la chini mpaka itokee la juu, funga la juu kwanza, ndipo la chini.

Kuhusu mchanganyiko: kwa mashine kama hii ni 50 kwa 1, mililita 400 za oili kwenye kidumu cha lita 20. Ile methali ya bandarini kwamba "oili nyingi haiui" inaua plagi. Tena iwe oili ya mashine za boti, yenye alama TC-W3, si ya pikipiki. Injini inayopozwa kwa maji ya bahari huenda na joto dogo, na oili ya pikipiki huiachia majivu. Wenye British Seagull, zile mashine za boti za Kiingereza za zamani, msinisikilize, zile zilitaka 10 kwa 1, ndiyo maana zilitoa moshi kama tanuri la chokaa.

Siku ya saba tuliitia kwenye pipa la lita 200 la maji ya bomba, maji yakiwa juu ya bamba lililo juu ya propela. Mvuto wa nne ikashika, ikakohoa moshi wa dizeli niliyomimina, ikatulia. Kijana alikuwa anatazama moshi. Mimi nilikuwa natazama kile kitundu cha nyuma kinachotema maji pampu ikifanya kazi. Ikakojoa, mkondo mwembamba, ulionyooka, vuguvugu kwenye kiganja.

Bolti zote nilizirudisha na grisi ya baharini kwenye nyuzi, ili atakayezifungua baada yangu asinitaje vibaya. Isipokuwa moja, kwenye kifuniko cha njia ya moshi. Hiyo ilikataa mafuta, ikakataa nyundo, na kwa moto ikaanza kujipinda. Gasketi yake haivuji. Nimeiwekea alama ya rangi nyekundu na kumwambia kijana asimruhusu fundi yeyote aiguse mpaka siku itakapovuja.