Dhana Potofu Kuhusu Magari ya Deraya ya Ujerumani: Tuanze na Magurudumu

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kila kifaru cha Kijerumani cha Vita Kuu ya Pili ya Dunia chenye umbo la sanduku na mzinga mrefu ni Tiger. Ukweli ni kwamba Tiger I ziliundwa zipatazo 1,350 tu, ilhali Panzer IV zilizidi 8,000. Wanajeshi wa Washirika (Marekani, Uingereza na wenzao) waliopigana Normandy, Ufaransa, mwaka 1944 waliripoti Tiger mara nyingi mahali palipokuwa na Panzer IV, na kosa lao linaeleweka, kwa kuwa tangu mwaka 1943 Panzer IV zilifungwa mabamba membamba ya chuma ubavuni na kuuzunguka mnara (sehemu ya juu inayozunguka na kubeba mzinga), yakazifanya zionekane pana na nzito. Anayetazama picha kwa utulivu hana udhuru huo. Ayatazame magurudumu yanayokanyaga mnyororo: Panzer IV ina manane madogo kila upande, yaliyopangwa mawilimawili, na hata mabamba yakiwepo bado huonekana kwa chini, ilhali Tiger ina makubwa yanayopandana. Panther, kifaru kingine cha Kijerumani, nayo ina makubwa yanayopandana, lakini bamba lake la mbele limelala kwa mshazari, tofauti na la Tiger I lililosimama karibu wima.

Mabamba hayo yenyewe yamezushiwa mengi. Husemwa kwamba yalibuniwa kuzuia makombora ya bazuka, silaha ya begani ya kupigia vifaru, ilhali yalikusudiwa hasa kupunguza nguvu za risasi za bunduki za Kisovieti za milimita 14.5, zilizoweza kutoboa deraya nyembamba ya ubavuni.

Wengine huliita StuG III kifaru. Gari hili halina mnara unaozunguka. Mzinga wake umefungwa mwilini, hivyo mpigaji akitaka kulenga mbali upande wa kulia au kushoto, dereva hulazimika kuligeuza gari zima. Liliundwa kuwasaidia askari wa miguu na awali lilikuwa chini ya kikosi cha mizinga, ingawa baadaye liliangamiza vifaru vingi. Jagdpanzer IV, gari la kuwinda vifaru, nayo ina kimo kifupi na haina mnara, na wengi huzichanganya, lakini magurudumu hukata shauri: StuG III ina sita kila upande kwa sababu imejengwa juu ya mwili wa kifaru cha Panzer III, na Jagdpanzer IV ina manane ya Panzer IV.

Majina nayo hupotosha. Panzer 38(t) haikuwa na uzito wa tani 38. Ilikaribia tani 10, na herufi hiyo huonyesha kwamba asili yake ni Czechoslovakia. Wala herufi za matoleo hazifuati alfabeti daima, kwani Panther ilianza na D, ikafuata A, kisha G. Na ule mnara wenye uso wa mviringo wa Tiger II hamsini za mwanzo, ambao hadi leo huitwa wa kampuni ya Porsche, ulisanifiwa na kampuni ya Krupp, sawa na ule ulioufuata.