Kiti cha Baba, Kura ya Jirani: Dhana Potofu Kuhusu Koo za Siasa Marekani

Uchaguzi wa Marekani ukikaribia, kijiweni hakosekani wa kusema, "Hata kule ni familia zilezile." Hajakosea sana. Adams wawili wamekuwa marais, Harrison wawili, Roosevelt wawili, Bush wawili. Ila maelezo yanayofuata baada ya hapo ndiyo huwa yamechanganywa na chumvi.

Dhana: Kiti hurithishwa kama shamba.

Katiba yao inakataza serikali kutoa vyeo vya kimwinyi, lakini hakuna kinachomzuia mtoto kugombea alikokuwa baba. Kisa kitamu zaidi kimetokea Alaska. Mwaka 2002 Frank Murkowski, seneta wa miaka mingi, alichaguliwa kuwa gavana. Kiti chake cha Seneti kikabaki wazi, na wa kuteua mtu wa kukijaza alikuwa gavana, yaani yeye mwenyewe. Akamteua binti yake, Lisa.

Wananchi walikasirika. Mwaka 2004 walipiga kura kumnyang'anya gavana uwezo huo, na siku hiyohiyo, ajabu, wakamchagua Lisa kwa muhula kamili. Baba ndiye aliyelipa deni: katika mchujo wa chama chake wa 2006 alishika nafasi ya tatu, nyuma ya Sarah Palin. Zamu ya binti ikaja 2010, akaangushwa kwenye mchujo wa Republican. Hakukubali. Aligombea bila jina lake kuchapishwa kwenye karatasi ya kura, kwa hiyo kila aliyemtaka ilibidi aliandike kwa mkono: M-u-r-k-o-w-s-k-i. Kampeni ikageuka darasa la tahajia. Akashinda! Jina alilopewa na baba, safari hii wapiga kura walimwandikia herufi kwa herufi.

Dhana: Jina kubwa halishindwi.

Waulize akina Bush. George H. W. Bush, mtoto wa seneta wa Connecticut, alishindwa kuingia Seneti mara mbili kule Texas, 1964 na 1970, kabla ya kuwa rais. Mwanawe Jeb alijitoa kwenye mbio za urais Februari 2016, na mjukuu wake George P. akabwagwa Texas mwaka 2022. Massachusetts, nyumbani kabisa kwa akina Kennedy, ilimkataa Joe Kennedy III katika mchujo wa Seneti wa 2020. Na sisi tunakumbuka zaidi 2008, pale mke wa rais mstaafu alipoangushwa kwenye mchujo na mtoto wa Mluo wa Kogelo.

Dhana: Ukoo mmoja, chama kimoja.

Theodore Roosevelt alikuwa Republican, Franklin alikuwa Democratic. Tena walikuwa binamu wa mbali mno. Aliyekuwa karibu na Theodore ni Eleanor, mke wa Franklin, maana alikuwa binti wa kaka yake.

Dhana: Rais humpa ndugu yake wizara akitaka.

Zamani ndiyo. John F. Kennedy alimfanya mdogo wake Robert kuwa Mwanasheria Mkuu mwaka 1961. Sheria ya 1967 ikaziba njia hiyo, ingawa haikuziba yote: mwaka 2017 wanasheria wa serikali walisema haiwahusu washauri wa Ikulu, na mkwe wa Trump, Jared Kushner, akapita hapo.

Dhana: Kinachorithiwa ni jina tu.

John Dingell wa Michigan aliingia Baraza la Wawakilishi 1933, na mwaka 1943 alikuwa miongoni mwa waliopeleka mswada wa bima ya afya kwa wote. Haukupita. Alipofariki 1955, mwanawe, naye John, alichaguliwa akiwa na miaka 29, akawa anauwasilisha upya kila Bunge jipya lilipoanza. Mwaka 1965 ndiye aliyekalia kiti cha mwenyekiti Baraza lilipopitisha Medicare, bima ya wazee. Mwaka 2010 Obama aliposaini sheria yake ya afya, mzee Dingell alikuwa kando ya meza. Alikaa bungeni miaka 59, rekodi ambayo hakuna aliyeifikia.

Aliyemfuata Januari 2015 ni mkewe, Debbie. Kwa hiyo mwenzetu wa kijiweni ana hoja yake pia, isipokuwa huyu naye ilibidi azunguke kuomba kura.