Mwacheni bibi achambue mchicha

Bibi wa miaka 78 aliletwa Dar es Salaam kutoka Lushoto baada ya kufiwa na mumewe. Kwa mwanawe alipewa chumba chenye feni, televisheni na msichana wa kumhudumia. Kila aliposhika kisu au ufagio alinyang'anywa: "Bibi pumzika, umeshafanya kazi za kutosha." Miezi minane baadaye familia ikamleta kwetu kliniki. Kutwa kulala, maneno hana, na kwenda chooni mpaka ashikwe mkono. Presha na sukari vilikuwa sawa. Kilichomwishia ni nguvu za mapaja, na sababu ya kuamka.

Familia ile haikuwa na ubaya. Ilikuwa inafuata nadharia bila kujua. Mwaka 1961 watafiti wawili huko Marekani, Elaine Cumming na William Henry, baada ya kuchunguza watu wa Kansas City, waliandika kwamba mtu akizeeka, yeye na jamii huachana taratibu: mzee anapunguza shughuli, jamii inampunguzia majukumu, na kila upande unafaidika. Wenzao waliipinga mapema sana, na leo wanaoitetea ni wachache. Ila sebuleni kwetu ingali hai, tena imevaa kanzu ya heshima.

Mwaka huohuo, ambao kwetu ni mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, mwanasayansi Leonard Hayflick alionyesha kuwa seli za mwili wa binadamu zikikuzwa maabara hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi, kisha hukoma. Kwamba mwili unachakaa, basi, hatubishani. Tunachobishania ni yale tunayoyaita uzee kumbe yameletwa na kukaa tu. Misuli isiyotumika hunywea kwa mtu yeyote, lakini kijana huirudisha upesi. Mzee akilala kitandani siku chache, kuinuka kwenye kiti kunaweza kumshinda.

Robert Havighurst, mtafiti wa Chicago, alikuwa na jibu lake kwa nadharia ya Cumming na Henry: anayezeeka vizuri ni yule anayebaki na shughuli. Inavutia, ila ikishikwa vibaya inageuka mateso. Nimemwona kijana akimburuta baba yake mwenye kiharusi kuzunguka uwanja alfajiri, eti asilemae. Mimi nimeegemea kwa Robert Atchley, mtafiti mwingine wa uzee, aliyeandika mwaka 1989 kuhusu mwendelezo. Kwa maoni yake, mtu hutafuta kubaki yuleyule kwa njia anazoziweza sasa. Fundi cherehani hatashona tena suti, lakini vifungo atatia. Ndiyo maana familia ikifika huwa nauliza mzee huyu alikuwa anashughulika na nini alipokuwa na miaka 50. Dawa zake nitazikuta kwenye daftari la kliniki.

Bibi yetu alikuwa mkulima wa mboga. Nyuma ya nyumba zikapangwa ndoo chakavu, ukapandwa mchicha, na kuchambua mboga za nyumba nzima ikawa kazi yake. Tuliomba kitu kimoja: kigoda kiondolewe, awekewe kiti chenye mikono, maana magoti yale hayainuki tena kutoka chini.

Si kila kitu kinatibika kwa mchicha. Mzee anayepotea njia ya nyumba aliyoishi miaka 20, au anayemuuliza mwanawe "wewe nani?", huyo ni mgonjwa na apelekwe hospitali. Msiseme ni utu uzima.

Sasa mlezi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema familia itaendelea kuwa msingi wa matunzo, na makao ya wazee yawe hatua ya mwisho. Nakubali, ila "familia" hiyo mara nyingi ni mtu mmoja: binti aliyebaki nyumbani, au mkamwana. Ndugu wengine wanatuma pesa kwa simu na ushauri kwenye kundi la WhatsApp. Yeye ndiye anayemgeuza mzee asiyejiweza kila baada ya saa mbili asitoke vidonda vya mgongo, ndiye anayefua mashuka usiku wa manane. Nikimkuta anamfokea mzee, kwanza namuuliza amelala saa ngapi jana. Mlezi akianza kusahau dawa zake mwenyewe, kukonda, au kulia bila sababu, ndugu wakae kikao. Kwenye kikao hicho suala la michango ya pesa huisha haraka. Shughuli ni zamu, na ziandikwe kwa majina: nani analala na mama Jumamosi, nani anamsindikiza kliniki.

Kwa yule bibi zamu zilipangwa mpaka kwa wajukuu. Mara ya mwisho kwenda kwao nilimkuta amesimama penye ndoo zake, mkono mmoja kwenye fimbo, anamgombeza mmoja wao kwa kumwagilia mboga jua la saa saba.