Mashine ya kupima maji ya tangi la matumbawe: nani anaihitaji, nani asubiri

Wanaofuga matumbawe nyumbani huuliza mara kwa mara kama kuna faida ya kununua mashine inayopima maji yenyewe. Faida ipo, lakini ni kwa kipimo kimoja, alkaliniti (uwezo wa maji kuhimili asidi, unaoandikwa KH na kuhesabiwa kwa digrii za dKH), na hasa kwa tangi la aina moja, lile lenye matumbawe magumu yanayokua kwa kasi. Matangi mengine mengi yanatosheka na sirinji, kichupa cha kitendanishi (kemikali ya kupimia) na mtu anayepima saa ileile kila mara.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayoamua. Tumbawe gumu hujenga mifupa yake kwa kalsiamu kaboneti. Kila alkaliniti inaposhuka kwa dKH 1 kwa ajili ya ujenzi huo, kalsiamu hushuka kwa miligramu 7 hivi kwa lita. Chukua tangi lenye KH 8 na kalsiamu miligramu 420 kwa lita, na matumbawe yake yanatumia dKH 1 kwa siku. Kesho yake alkaliniti itakuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 12, na kalsiamu kwa chini ya asilimia 2. Vifaa vya mkono vya kalsiamu hukosea kwa urahisi miligramu 10 hadi 20, kwa hiyo upungufu wa siku moja hauonekani kabisa. Magnesiamu, ambayo huwekwa kati ya 1,250 na 1,350, huenda polepole zaidi. Kuyapima haya mawili kila siku ni kumwaga vitendanishi. Mara moja kwa wiki au wiki mbili inatosha. Alkaliniti haisubiri wiki. Dozi, yaani mmumunyo unaorudisha alkaliniti iliyotumika, ikikatika Ijumaa jioni kwenye tangi kama hilo, Jumatatu jioni KH iko 5 hivi, na Acropora, matumbawe magumu yenye matawi, huanza kuvua ngozi kuanzia chini ya matawi.

Kiwango chenyewe kina nafasi: matangi mengi hukaa vizuri popote kati ya KH 7 na 9. Kinachoua ni kuyumba. Sisi hushauri KH isibadilike zaidi ya dKH 0.5 kwa siku, na badiliko likipita dKH 1 chanzo kitafutwe siku hiyohiyo.

Kabla ya kutoa fedha, pima tangi lako linatumia kiasi gani. Zima pampu za dozi, usibadilishe maji, kisha pima KH leo, kesho na keshokutwa saa ileile. Saa ina uzito, kwa sababu matumbawe hujenga zaidi mchana chini ya taa kuliko usiku. Ukipima asubuhi leo na jioni kesho, utalinganisha vitu viwili tofauti. Gawa upungufu wote kwa siku mbili. Ukipata chini ya dKH 0.3 kwa siku, kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki pamoja na dozi ndogo ya mkono kunatosha, na mashine haitakuonyesha jambo usilolijua. Kati ya 0.3 na 1, nunua pampu ya dozi kwanza na uendelee kupima kwa mkono mara mbili kwa wiki. Ikizidi 1, au ikiwa inapanda mwezi hadi mwezi kwa kuwa makoloni yanakua, mashine imeanza kuwa na kazi. Vivyo hivyo kwa anayekuza vipande vya kuuza, na kwa anayesafiri mara kwa mara akiacha tangi na mtu asiyelijua.

Mashine nyingi za alkaliniti hufanya kile unachofanya kwa mkono. Pampu ndogo inayokamua mrija huvuta sampuli ya maji hadi kwenye kikombe, pampu nyingine hudondosha asidi kidogokidogo huku sumaku ikikoroga, na kihisi cha pH (kiwango cha asidi katika maji), au jicho linalosoma rangi, husema ni lini maji yamefika pH ya 4.5 hivi. Ujazo wa asidi uliotumika ndio alkaliniti. Trident ya Neptune Systems hupima pia kalsiamu na magnesiamu. KH Director ya GHL na Alkatronic ya Focustronic hushughulikia alkaliniti. Bei ni mamia ya dola, na baadhi zinahitaji kontrola (kompyuta ndogo ya kuendesha vifaa vya tangi) ya kampuni hiyohiyo. Kifaa cha mkono cha KH hupatikana kwa dola 15 hadi 30.

Ukielewa kwamba kila kitu kinategemea ujazo, utaelewa pia inapokosea. Mrija ndani ya pampu hubanwa maelfu ya mara. Baada ya miezi unalegea, ujazo unabadilika, na KH inayosomwa huanza kusogea taratibu huku ya tangi ikiwa palepale. Kiputo kimoja cha hewa kwenye mrija wa sampuli kinatosha kuharibu kipimo: maji yaliyofika kikombeni ni pungufu, asidi inayohitajika ni kidogo, na mashine inatangaza KH 6.9 ilhali tangi lina 8. Kwa hiyo mdomo wa mrija usiwekwe karibu na skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu) wala mahali maji yanapoanguka na kutoa povu. Usiwe pia karibu na mdomo wa dozi, maana hapo utapima dawa uliyoimwaga dakika tano zilizopita. Mahali pazuri ni sehemu ya tangi la chini, lile la vifaa lililo chini ya tangi kuu, yenye mkondo na kina kisichobadilika, na mdomo uvikwe kichujio kidogo cha sponji kinachooshwa kila wiki mbili, kwa kuwa utando huota ndani ya mirija myembamba haraka kuliko watu wanavyodhani.

Kuna hasara nyingine ambayo wengi hawaihesabu. Tuseme mashine huvuta mililita 50 kila kipimo na hupima mara nne kwa siku. Hizo ni lita 6 za maji ya chumvi kwa mwezi zinazoishia kwenye dumu la taka, na nafasi yake hujazwa na maji ya kujazia yasiyo na chumvi. Kwenye tangi la lita 200, chumvi hushuka kutoka 35 hadi 34 kwa elfu kwa mwezi mmoja. Kila kitu kinashuka nayo, kalsiamu ikiwemo, na mwenye tangi anaanza kuongeza kalsiamu wakati kinachotakiwa ni chumvi. Ndiyo maana kila KH au kalsiamu inapoonekana kushuka ghafla tunasema pima chumvi kwanza, kwa refraktomita iliyosawazishwa kwa mmumunyo wa 35 kwa elfu, si kwa maji safi.

Jambo la usahihi linahitaji kuangaliwa kwa karibu. Mashine husifiwa kwa kurudia jibu lilelile, na kweli hurudia vizuri kuliko mkono. Lakini kurudia 8.6 mara kumi hakuthibitishi kwamba ni 8.6. Unahitaji maji ya kulinganishia, na unaweza kuyatengeneza jikoni. Pima gramu 2.40 za bikaboneti ya sodiamu safi, ile soda nyeupe ya kuokea. Beking pauda haifai, ina asidi na wanga ndani yake. Magadi hayafai pia. Yeyusha katika maji yaliyochujwa kwa RO na DI, vichujio vinavyoondoa karibu kila kilichoyeyuka majini, hadi yafike lita 1 kamili. Mmumunyo huo una KH 80. Chukua mililita 100 zake, ongeza maji yaleyale yaliyochujwa hadi lita 1, na sasa una KH 8.0. Ukipima gramu 0.24 moja kwa moja, mizani ya kawaida itakudanganya, ndiyo sababu ya hatua mbili. Funga chupa vizuri, na utengeneze upya kila mwezi. Jaribu kifaa chako cha mkono kwa maji haya, kisha mashine. Njia hii inafaa kwa vifaa vya kudondosha asidi. Vipima rangi vya kidijitali vilivyotengenezwa kwa maji ya bahari visawazishwe kwa sampuli ya mtengenezaji. Rudia jaribio kila unapofungua chupa mpya ya kitendanishi, kwa sababu chupa mbili hazilingani daima, na KH ikiruka 0.4 siku uliyobadilisha chupa, tatizo liko kwenye chupa. Kihisi cha pH nacho kisawazishwe kila mwezi kwa bafa (vimiminika vyenye pH inayojulikana) za 7.01 na 4.01.

Sehemu ya hatari zaidi ni kuiachia mashine iamuru pampu ya dozi. Tangi la lita 200 linalotumia dKH 1.2 kwa siku linahitaji gramu 7.2 za bikaboneti kila siku, kwa kuwa gramu 3 hupandisha dKH 1 katika lita 100. Ukiyeyusha gramu 80 kwa lita, hiyo ni mililita 90, zigawe mara 12 za mililita 7.5. Sasa fikiria kile kiputo cha hewa: mashine inasoma 6.9, inaamuru dozi zaidi, inasoma tena 6.9, inaamuru tena. Dozi ya msingi iwe ya saa, isiyotegemea kipimo chochote, na mashine iruhusiwe kuongeza au kupunguza asilimia 10 tu ya hapo. Weka kikomo cha juu cha siku kwenye pampu yenyewe. Amuru kipimo kirudiwe ikiwa kimetofautiana na kilichotangulia kwa zaidi ya dKH 0.5. Na chupa ya dozi iwe ndogo, ya siku nne au tano. Dumu la lita 5 likimwagika lote kwa pampu iliyokwama bila kuzima hubeba gramu 400, za kutosha kupandisha KH kwa zaidi ya 60. Maji hugeuka meupe kwa kalsiamu kaboneti inayoganda, na hakuna cha kuokoa.

Umeme ukikatika katikati ya kipimo, asidi hubaki kikombeni. Mashine yako ifanyiwe jaribio la kuchomolewa makusudi uone inavyoamka: inayojisafisha kwanza ni salama, inayoendelea pale ilipoishia itatoa namba ya uongo. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, inatosha.

Kwa walio pwani wanaochota maji ya bahari, mashine haitarekebisha maji yaliyochotwa vibaya. Mombasa au Tanga, wakati wa masika, maji karibu na midomo ya mito na mikono ya bahari hupungua chumvi. Chota mbali na hapo, maji yakiwa yamejaa, na uyapime. Dubai na Doha ni kinyume, maji ya Ghuba hufika 40 kwa elfu au zaidi. Lita 100 za maji ya 40 huhitaji lita 14 hivi za maji ya RO kufika 35.

Vipimo vya ICP (uchambuzi wa elementi kwa mashine ya maabara) vinavyotumwa maabara kwa posta ni vya elementi, kama strontiamu, ayodini na metali zinazovuja kutoka kwenye vifaa. Havichukui nafasi ya kupima KH nyumbani.

Tungependa anayeanza atumie fedha kwa mpangilio huu: kipimajoto chenye kengele, refraktomita, kifaa cha mkono cha KH, pampu ya dozi, na mashine mwisho. Matumbawe magumu yamo kwenye Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na mengi yaliyomo madukani yaling'olewa baharini. Kwa hiyo tangi lenye umri wa chini ya miezi sita, ambalo bado linayumba kwa nitreti na fosfeti, lisipewe Acropora hata kama lina mashine.

Ukiinunua, kwa wiki mbili za mwanzo usiiunganishe na dozi. Pima kwa mkono kila jioni, andika namba zote mbili upande kwa upande. Tofauti isiyobadilika, mfano mashine daima 0.3 juu, inarekebishwa kwa maji ya kulinganishia. Tofauti inayopanda na kushuka ni hewa, uchafu au mrija, na itafutwe kabla pampu haijaunganishwa. Dumu la taka liwe na mfuniko na nafasi ya kutosha mwezi mzima. Maji yake yana asidi, yawekewe kijiko cha soda hadi povu liishe ndipo yamwagwe, wala yasirudishwe kamwe tangini.