Krediti ya chuo ni nini, na inapatikanaje wakati wa likizo?

Ijumaa mchana, msimu wa likizo ndefu ya vyuo, ingia ofisi yoyote ya halmashauri Tanzania na utamkuta kijana amesimama pembeni ya meza ya bosi, logibuku mkononi. Ameandika alichofanya tangu Jumatatu, anasubiri saini na mhuri. Huyo yuko fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini; Kenya wangesema yuko atachimenti. Wiki zake zikiisha, logibuku na ripoti vinarudi chuoni, vinasahihishwa, na alama inaingia kwenye matokeo yake kama ya somo lingine. Inaingia pamoja na krediti zake.

Krediti ni kipimo cha uzito wa kazi ya masomo. Ubora wa kazi unaonyeshwa na alama, A au C. Krediti inaonyesha somo linadai saa ngapi za mwanafunzi wa kawaida, na inathibitisha kwamba chuo kimekubali kuwa kazi hiyo imefanyika. Hapo kwenye kukubali ndipo wanafunzi wengi wanapoumia. Unaweza kushinda miezi mitatu maabara, ukajifunza mambo usiyoyapata darasani mwaka mzima, ukarudi bila krediti hata moja kwa sababu hukuandikishwa.

Kipimo chenyewe hakifanani kila nchi. Tanzania, kwa mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, krediti 1 ni saa 10 za kazi yote kwa jumla: mihadhara, semina, kujisomea, mitihani. Shahada ya miaka 3 haipungui krediti 360. Marekani, shahada ya miaka 4 kwa kawaida ni krediti 120. Kuzilinganisha namba hizi moja kwa moja ni kama kulinganisha maharage ya kisado na ya debe kwa kuhesabu vyombo. Krediti moja ya Marekani, kwa ufafanuzi wa serikali kuu yao, ni saa 1 ya darasani na angalau saa 2 za kazi nje ya darasa kila wiki, kwa takriban wiki 15. Hizo ni saa 45. Piga hesabu: kwetu saa 3,600 kwa miaka mitatu, kwao 5,400 kwa minne. Mwaka kwa mwaka, 1,200 na 1,350. Hatujaachana sana.

Mazoea haya ya kuhesabu elimu kwa saa yana chanzo kisichotarajiwa: pensheni. Mwaka 1905 tajiri Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 ili maprofesa wa Marekani walipwe kiinua mgongo. Taasisi iliyosimamia fedha hizo ilivitaka vyuo vilivyozihitaji vipokee wanafunzi waliotimiza idadi maalumu ya saa za masomo sekondari. Kipimo kikazoeleka, na vyuo navyo vikaanza kuhesabu kazi yao kwa saa. Mwaka 1906, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, mhandisi Herman Schneider alianza kuwapeleka wanafunzi wa uhandisi kiwandani na kuwarudisha darasani kwa zamu, na kazi ya kiwandani ikahesabiwa kuwa sehemu ya masomo yao.

Marekani likizo ndefu huangukia kiangazi, kuanzia Mei hadi Agosti, na vyuo vingi havifungi. Vinafundisha masomo yaleyale kwa muda mfupi, na watu wengi hawatambui ufupi huo maana yake nini. Chukua somo la krediti 3. Katika muhula wa kawaida linakula saa 9 kwa wiki, darasani na nyumbani. Somo hilohilo likibanwa katika wiki 6 linadai zaidi ya saa 22 kwa wiki, kwa sababu jumla ya saa haipunguzwi. Ukichukua mawili kwa pamoja umejaza wiki nzima ya kazi, na bado hujaenda kibaruani. Kwa anayetaka kuziba pengo la somo aliloanguka, au kumaliza mapema, somo moja kwa kiangazi linabebeka. Mawili ni kwa asiye na kibarua.

Wengi hulichukua somo hilo katika chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha miaka miwili) kilicho karibu na nyumbani, kwa kuwa ada yake ni ndogo, kisha wanahamishia krediti kwenye chuo chao kikuu. Ni njia nzuri kabisa, ila uulize kwanza. Chuo chako ndicho kinachoamua kama somo lile linalingana na lake. Vingi vinataka angalau alama C, na vingi huingiza krediti bila kuihesabu alama yenyewe kwenye GPA, yaani wastani wa alama. Itunze silabasi. Bila silabasi, msajili hana cha kulinganisha.

Na lugha yetu nayo imo. Arusha na Zanzibar zimepokea kwa miaka mingi wanafunzi wa Kimarekani wanaokuja miezi hiyo kujifunza Kiswahili, asubuhi darasani, jioni kwa familia inayowapangisha. Ile safari ya sokoni ya kupatana bei ya maembe kwa Kiswahili kitupu ni sehemu ya kazi ya kozi. Wakirudi kwao, kozi ikiwa imetambuliwa na chuo, maembe yale yamo ndani ya krediti.

Mafunzo kazini, yaani fildi ya Marekani, yana mlango mgumu zaidi. Chuo kinataka mhadhiri wa kukusimamia, makubaliano ya maandishi kuhusu utakachojifunza, idadi ya saa, shajara ya kila wiki na ripoti. Na kwa kuwa krediti inauzwa, unalipia ada hata kama kazi yenyewe haina mshahara. Siridhiki na jambo hili. Kijana anayefanya kazi bure na kulipa juu yake ni kijana aliye na mzazi wa kumlisha. Asiye naye anaachwa nyuma.

Kwa aliyeko Marekani kwa visa ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, kuna jambo moja zaidi. Mafunzo yanayohesabiwa kuwa sehemu ya mtaala yanahitaji ruhusa iitwayo CPT, na ruhusa hiyo lazima iandikwe kwenye I-20, fomu ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni, kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Kwa kawaida uwe umesoma mwaka mmoja wa masomo kikamilifu. Ukitumia miezi 12 ya CPT ya muda wote, unapoteza haki ya kufanya kazi baada ya shahada kwa ruhusa ya OPT katika ngazi hiyo ya masomo.

Namjua binti wa familia iliyohamia Marekani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Kiangazi kimoja alikaa wiki 10 kwenye zahanati akiwatafsiria wagonjwa wa Kikongo, kuanzia vipimo vya sukari hadi habari za uzazi. Agosti akaenda chuoni kwake kuomba krediti. Akaambiwa uandikishaji ulifungwa Mei, na kazi iliyokwisha kufanyika haiandikishwi nyuma. Zile saa zikabaki kwenye wasifu wake tu.

Mwaka uliofuata alianza Machi. Alirudi zahanati ileile akiwa na karatasi moja ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na malengo manne, la kwanza kuandaa orodha ya maneno ya kitabibu kwa Kiswahili cha Kongo. Wa pili ulikuwa na saini tatu: yake, ya muuguzi mkuu na ya mhadhiri wa afya ya jamii. Krediti 3.